Nguvu za injini hupita kwenye mpira wa mafuta

Magari ya kutoka Kisumu kwenda Busia, Siaya na Bondo hupita Otonglo, mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu, kabla barabara haijagawanyika pale Kisian. Malori ya mafuta ya Uganda hupita hapo, Probox zilizoshindiliwa abiria hupita hapo, na jioni za Ijumaa Subaru husikika kabla haijaonekana. Wakenya wengi walilijua jina hili mwaka 2013, Daniel Owira alipolifanya kichwa cha simulizi lake la tamasha la maigizo la shule. Kwa wenye gereji za kando ya barabara hii, Otonglo ni kituo cha kazi tu: gari limezima, mwenyewe yuko juani, na anataka kujua litawaka saa ngapi.

Miongoni mwa magari hayo kuna kundi dogo linaloleta pesa nzuri na maudhi mengi: yaliyoongezwa nguvu. Wenye magari hayo hawaji wakitafuta paipu. Wanataka turbo kubwa, injekta kubwa, kompyuta ya injini iliyopangwa upya. Njia ya mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini hutajwa mwishoni, bajeti ikiwa imekwisha, na fundi huambiwa atafute mpira wowote unaoingia. Ninavyoiona mimi, hapo ndipo biashara hii ya kuongeza nguvu inapojiumiza yenyewe.

Mapenzi ya Subaru hayakuanza jana. Patrick Njiru aliiendesha kwenye Safari Rally miaka ya 1990, Colin McRae akashinda nayo mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Mashindano hayo yaliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurejea 2021 kule Naivasha, wakati ambapo vijana waliokuwa watoto enzi za McRae tayari walikuwa na mishahara na leseni. Magari yenyewe huja mitumba kutoka Japani, chini ya sheria ya Kenya inayokataa gari lililopita miaka 8. Mpira wa mafuta wa gari la umri huo una umri huohuo, na kwenye injini za Subaru za aina ya EJ kuna vipande vifupi vya mpira vilivyojificha chini ya manifoldi ambavyo hakuna anayevikumbuka hadi harufu ya petroli ianze kuingia ndani ya gari.

Hesabu ya mafuta si ngumu. Injini ya petroli yenye turbo, ikikanyagwa hadi mwisho, hutumia takribani gramu 270 za mafuta kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Injini ya farasi 300 basi inahitaji karibu lita 110 kwa saa. Hakuna anayekanyaga hivyo saa nzima, lakini pampu na paipu lazima viweze kuleta mafuta kwa kasi hiyo hata kama ni kwa sekunde 10 za kulipita lori kwenye mteremko. Mafuta yakipungua katika sekunde hizo, mchanganyiko huwa na hewa nyingi, joto hupanda ndani ya silinda, na pistoni hupasuka. Mteja aliyebana pesa kwenye mpira hununua injini nyingine.

Kuna pia hesabu ya presha, ambayo wengi huikosa. Gari likiwa limesimama, presha kwenye paipu ni kama baa 3, yaani 43 kwa kipimo cha psi. Turbo ikianza kusukuma hewa, rigaleta hupandisha presha ya mafuta kwa kiasi kilekile. Turbo ya baa moja na nusu huifikisha psi 65. Sasa tazama maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira. Ule wenye alama ya R7 ulikusudiwa injini za kabureta na kikomo chake ni psi 50. Ule wa R9, wa injini za injekta, hufika 100. R7 itapita mtihani wa gereji bila shida, kwa sababu gereji hujaribu gari likiunguruma papo hapo. Itaachia barabarani, katikati ya mwendo, karibu na turbo ambayo kwenye EJ hukaa nyuma ya injini upande wa kulia ikiwa na joto la mamia ya digrii. Mvuke wa petroli hujiwasha wenyewe kwenye joto lisilofika hata digrii 300. Mipira yote miwili ni myeusi na inalingana kwa unene, na dukani hukatwa kutoka kwenye roli kwa mita, mara nyingi kipande cha mteja kikikosa hata herufi moja.

Ujuzi wa kufunga paipu za presha Kisumu haukuletwa na Subaru. Uliletwa na miwa. Trekta za mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, tipa za machimbo na mitambo ya kuchimba barabara hupasua paipu za haidroliki kila wiki, na ndiyo maana mjini kuna maduka yenye mashine za kupresi vichwa vya chuma kwenye mpira. Fundi wa Otonglo hufungua paipu, humpa mtu wa bodaboda pamoja na vipimo, na saa moja baadaye inarudi imepresiwa. Bahati nzuri, vichwa vya haidroliki vya aina ya JIC vina pembe ya digrii 37, sawa na vile vya AN vinavyotumika kwenye magari ya mashindano, na namba zake huhesabiwa kwa sehemu za 16 za inchi: namba 6 ni inchi tatu kwa nane, namba 8 ni nusu inchi. Kwa hiyo duka la trekta linaweza kumhudumia mwenye Subaru Impreza.

Bahati mbaya, mpira wenyewe haufai kazi hii. Mpira wa haidroliki hustahimili presha kubwa kuliko petroli itakavyowahi kuleta, lakini tumbo lake limetengenezwa kwa ajili ya oili. Petroli huupenya polepole na kuulainisha. Mteja huona nyuzi za chuma zimesukwa kwa nje, huona kichwa kimepresiwa vizuri, na anaondoka ameridhika. Unaofaa una tumbo la Tefloni, tena ile iliyochanganywa kaboni, kwa kuwa mafuta yanayokwenda mbio ndani ya Tefloni tupu hukusanya umeme tuli unaoweza kutoboa ukuta wake.

Kuukata mpira huo ni kazi ya subira. Fundi mzoefu huufunga utepe mahali pa kukata ili nyuzi zisitawanyike, huupitisha kwenye jiwe la grainda, kisha huupuliza hewa hadi vumbi lote litoke, maana chembe moja ya chuma huziba injekta. Nyuzi huchoma vidole kama miiba. Pete ya shaba huingizwa kati ya Tefloni na nyuzi, uzi wa nati hupakwa oili, na kichwa hukazwa bila kutumia nguvu za ziada. Kisha paipu hushikizwa kila hatua isisuguane na bodi, na pampu huwashwa peke yake, injini ikiwa imezimwa, huku fundi akipitisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Hatua hiyo ya mwisho haiongezi hata shilingi kwenye risiti, nayo ndiyo anayopaswa kuitoza.

Petroli si mafuta pekee yanayoujaribu mpira. Upande wa Korando, jirani na Otonglo, kuna kiwanda cha molasi cha Kisumu. Mradi ulianza 1977 kwa jina la Kenya Chemical and Food Corporation, ukakwama, na ukaja kufufuliwa miaka ya 2000 na Spectre International, kampuni inayohusishwa na familia ya Odinga. Zao lake ni ethanoli. Kule Muhoroni, Agro-Chemical and Food Company iliwahi kutoa alkoholi iliyochanganywa na petroli kwa asilimia 10 katika miaka ya 1980. Wapenzi wa magari ya kasi Marekani na Ulaya huitafuta ethanoli kwa udi na uvumba, kwa sababu hupoza silinda na kuiruhusu turbo kusukuma zaidi. Kilo moja ya petroli huungua na kilo 14.7 za hewa. Kilo ya ethanoli huungua na 9 tu. Ndiyo maana mchanganyiko wa asilimia 85 huhitaji mafuta zaidi kwa karibu theluthi, pampu kubwa, na paipu pana. Mpira wa kawaida huvimba, na uchafu wa miaka mingi tangini hung'oka na kwenda kuziba chujio.

Vituo vya mafuta vya Kisumu haviuzi mchanganyiko huo, na spiriti hutozwa ushuru unaoua hamu ya kujaribu. Hata hivyo petroli nayo imekuwa ghali: kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na Oktoba mwaka huo lita moja Nairobi ilipita shilingi 217. Siku mchanganyiko wa hata asilimia 10 utakaporudi kwenye pampu, mahitaji ya mpira sahihi yatamfikia hadi mwenye Probox.

Kuna pia bima. Mwenye gari asiyeieleza kampuni kwamba injini imebadilishwa anaweza kunyimwa fidia likiungua, na hapo risiti ya fundi yenye aina ya mpira na tarehe ya kupimwa ingekuwa na thamani kuliko mpira wenyewe. Gereji nyingi hazitoi risiti ya namna hiyo. Malipo huingia kwa M-Pesa, maelezo hubaki mdomoni.

"Boss, hii nikuwekee ya klipu ama ya kupresi?" ndilo swali la kawaida, na jibu huamuliwa na kilichobaki kwenye simu. Anayetaka Tefloni hasa huagiza Nairobi. Mpira hupakiwa kwenye basi la usiku na asubuhi mteja huuleta mwenyewe Otonglo akiwa ameushika mkononi. Fundi hulipwa leba peke yake. Faida ya mpira imekwisha kubaki kwenye maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, na ukivuja, anayepigiwa simu ni yeye.