Chapa za Wamarekani wa Zamani: Mswahili Anatafuta Nini Humo?



Kuna aliyeniuliza, tena kwa kejeli kidogo, ati Mswahili anayekaa Quakers Hill, huku magharibi ya Sydney, anatafuta nini kwenye vipicha vyeusi vya New York ya miaka mia iliyopita. Swali halali kabisa. Nimeona nilijibu kwa kirefu, maana mambo mawili matatu ya humu yatawafaa hata wale ambao hawatanunua picha ya Mmarekani maisha yao yote.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Wengi wetu tunasema "picha" tukamaliza. Ninazokusanya mimi ni chapa, yaani mchoraji hakuchora juu ya karatasi unayoiona. Alichora juu ya kitu kingine, kikatiwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake. Ziko aina mbili zinazonihusu, na zinapingana. Ya lino ni nyepesi kumweleza mtu aliyemwona fundi wa milango wa Lamu au Unguja kazini: unachimba usichokitaka, kinachobaki juu ndicho kinachopata wino, ulipochimba panatoka peupe. Lino yenyewe ni ile ile ya kutandika sakafuni, ya mafuta ya kitani na unga wa magome ya vizibo, laini kwa kisu. Ya pili ni kinyume. Unachukua bamba la shaba, unalipaka nta, unachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha unalitumbukiza kwenye tindikali. Tindikali inakula pale tu palipokwaruzwa. Ukishaondoa nta unapaka wino, unafuta juu kote, wino unabaki mle kwenye mifereji, halafu karatasi iliyoloweshwa inapitishwa pamoja na bamba chini ya rola nzito na kuunyonya. Mimi naita ya kwanza mchongo wa lino na ya pili mchoro wa tindikali. Mwenye maneno bora ayalete, mi sing'ang'anii.

Sasa hao Wamarekani. John Sloan alihamia New York 1904, na mwaka 1905 na 1906 akachora kwa tindikali seti ya mabamba kumi ya maisha ya jiji: mke anazima taa, watu wanarandaranda mitaani, familia zimelala juu ya mapaa kwa sababu ya joto. (Aliyekulia Mombasa haelezwi hiyo.) Chama cha wachoraji wa rangi za maji cha Marekani kilimwalika aonyeshe seti yake 1906, halafu kikamrudishia nne, ati ni za kihuni. Hakuna aliye uchi humo wa kutisha mtu. Kosa lilikuwa kuwaonyesha watu wa kawaida jinsi walivyo. Ukipanda treni jioni kutoka Blacktown kuja kwetu, ukatazama madirisha ya maghorofa yenye taa, utaona picha za Sloan, ila nguo ndo zimebadilika.

Lakini mwenyewe ninayemfuata hasa ni Martin Lewis. Huyu kumbe si Mmarekani wa kuzaliwa. Alizaliwa Castlemaine, jimbo la Victoria hapa Australia, 1881, akatoka kwao kijana mdogo, akahangaika na vibarua, akafika Sydney akajifunza kwa Julian Ashton, na mwaka 1900 akavuka bahari kwenda Marekani. Hakurudi kuishi huku tena. Mwaka 1915 alianza michoro ya tindikali, na ni yeye aliyemwonyesha Edward Hopper njia za kazi hiyo. Ndiyo, Hopper yule yule ambaye leo kila mtu anamjua. Kazi za Lewis ni usiku wa New York: theluji kwenye ngazi, mvua juu ya lami, wanawake wanaotembea na nyuma yao mwanga mkali unaorefusha vivuli. "Shadow Dance" ya 1930 ndiyo hiyo ya mwisho. Itazame uone giza lilivyo na tabaka. Halafu uchumi ukaanguka baada ya 1929, wanunuzi wakatoweka, akawa mwalimu wa kuchora, na alipofariki 1962 walikuwa wachache waliomkumbuka. Leo karatasi yake moja nzuri inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Basi sina Lewis, na kwa mshahara wangu sitakuwa naye. Anayetaka kuanza kwa mfuko mdogo atafute zile za Associated American Artists, kampuni iliyoanza 1934 kwa kuuza chapa zilizotiwa saini kwa dola tano tano, ili mwalimu na karani nao wawe na kazi ya msanii ukutani. Nyingi zilichapwa nakala kama 250, kwa hiyo bado zinapatikana.

Kabla ya kutoa pesa, hebu chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kama askari gwaride, hiyo ni picha ya kitabuni au gazetini, hata iwekwe kwenye fremu ya dhahabu. Mchoro wa tindikali una ukingo wa bamba uliozama kwenye karatasi, pitisha kidole pembeni utauhisi, na wino wake umeinuka kidogo. Mchongo wa lino hauna ukingo huo. Wino wake umelala bapa. Saini iwe ya penseli, chini ya picha. Na namba usiziamini sana: Sloan alikuwa akiandika kwamba nakala ni 100 wakati nyingine hata hazikufika huko, maana alichapa chache chache kadiri wateja walivyokuja. Tena kuna chapa halali za baadaye. Hale Woodruff, Mmarekani Mweusi aliyefundisha Atlanta kuanzia 1931, alichonga lino kali kuhusu kunyongwa kwa watu weusi na makundi ya wazungu. "By Parties Unknown" inaonyesha maiti iliyotupwa kwenye ngazi za kanisa bovu. Lino zake za Atlanta zilichapwa upya 1996, yeye akiwa ameshafariki. Ni kazi yake kweli, ila bei isiwe ile ya nakala ya miaka ya 1930. Muuzaji asiyekuambia tofauti hiyo mwache.

Hapa narudi kwa muulizaji wangu. Ufundi huu uko kwetu pia. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt, ilifundisha vijana kuchapa, na George Lilanga, aliyefariki 2005, alianzia hapo akiwa mlinzi. Karatasi za enzi hizo zilisafiri kwenye masanduku yetu, zikaja huku kama zawadi za kuagana. Nimeingia nyumba za watu wetu nikazikuta zimegandishwa na gundi kwenye ubao, au zimekatwa pembe ziingie kwenye fremu ya dukani, na zinatazamana na jua la Sydney mwaka mzima. Wazee wanafariki, watoto hawajui ni nini, zinaishia kwenye mapipa ya taka. Mimi nilijifunza kuzithamini kwa kuwasoma Wamarekani hawa, sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo mwenye nayo aishushe ukutani leo. Usiikate, usiipitishe plastiki ya moto, usiifute kwa maji. Itoe kwenye kadibodi iliyogeuka manjano, maana ile kadibodi ina asidi na ndiyo inayoila. Mwambie fundi wa fremu akuwekee isiyo na asidi na karatasi isiguse kioo. Na nyuma yake, kwa penseli laini, si kalamu ya wino, andika jina la msanii, aliyeinunua, wapi na mwaka gani.