Sakafu ya Rangi Nyumbani: Tuanze na Kilicho Chini

Vikundi vingi vya kujisaidia, kuanzia Kwanza na Endebess hadi Kimilili na Chwele, vimeanza kuweka pesa kando kwa ajili ya kurekebisha nyumba za wanachama. Mabati yakishapatikana, hatua inayofuata ni sakafu. Na tukikaa na akina mama kuzungumza juu ya sakafu, swali la kwanza huwa ni rangi. Tuweke nyekundu, nyeusi, ama ile ya kijani tuliyoona kwa mwalimu?

Hatusemi rangi ni mbaya. Mtu amefanya kazi miaka mingi, ana haki ya kuwa na nyumba inayopendeza, na mgeni akiingia aone mahali safi. Lakini rangi ni jambo la mwisho. Sakafu ikiharibika, mara nyingi imeharibika kutoka chini, na pesa za kikundi zimezikwa hapo. Tumeona nyumba moja upande wa Saboti ambapo mama alikopa kwenye benki ya mezani ya kikundi chake akaweka sakafu nyekundu kama damu. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa na madoa meupe kila mahali, na pale mlangoni ngozi ya juu ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi. Deni bado alikuwa analipa. Fundi hakuwa ameweka mawe wala nailoni chini. Alimwaga zege juu ya udongo uleule wa zamani.

Kwa nini basi tuhangaike na simiti, na nyanya zetu waliishi vizuri kwa sakafu ya udongo iliyopakwa kinyesi cha ng'ombe? Sababu kubwa ni watoto. Funza wa kike huingia katika ngozi ya mguu, mayai yake huanguka chini, na viluwiluwi hukulia katika vumbi la sakafu. Minyoo nayo hupenda udongo. Huko Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 mpango ulioitwa Piso Firme, yaani sakafu imara, wa kuwawekea maskini sakafu za simiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba pale udongo ulipoondoka kabisa, vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hata hapa kwetu Bungoma, pamoja na Kwale huko pwani, watafiti wa KEMRI na wenzao wa London wamejaribu sakafu zinazooshika ili kupima jambo hilohilo. Tuangalie vizuri: kinachomsaidia mtoto ni sakafu isiyo na vumbi na inayoweza kuoshwa. Ya kijivu inafanya kazi hiyo sawasawa na nyekundu.

Baridi ya kwetu si baridi ya Ulaya

Kuna vitabu vya ujenzi vinavyoogopesha watu juu ya simiti na baridi. Katika nchi za theluji maji yaliyoingia ndani ya zege huganda, na maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, kwa hivyo sakafu ya nje hupasuka na kubanduka. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, na huko Kaptama na Kapsokwony ni baridi ya kutosha kumtafutia mtu sweta, lakini maji hayagandi ndani ya nyumba zetu. Hiyo shida si yetu.

Shida zetu ni nyingine. Ya kwanza ni unyevu. Mvua ya Trans Nzoia huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Novemba, na ardhi hunywa maji muda huo wote. Zege lisilokingwa huyavuta maji hayo juu kama utambi wa taa. Yakifika juu yanakauka na kuacha chumvi na chokaa, ndio ule unga mweupe. Kwenye sakafu ya kijivu huwezi kuuona sana, lakini kwenye nyekundu au nyeusi unaonekana kama mtu amemwaga unga wa ugali. Unaweza kuusugua kwa brashi ukaondoka, lakini utarudi maadamu maji yanapanda.

Ya pili, simiti hukomaa polepole kwenye baridi. Kwenye nyuzi 10 hivi, huchukua karibu mara mbili ya muda inaotumia kwenye nyuzi 20. Fundi akimwaga saa kumi jioni mwezi wa Julai, usiku unaingia sakafu bado ni uji, naye anataka kwenda nyumbani. Hapo ndipo anapochukua simiti kavu iliyochanganywa na rangi na kuirusha juu ya maji yaliyoelea ili ikauke haraka. Inapendeza siku hiyo. Lakini amefanya ngozi nyembamba iliyokaa juu ya maji, haikushika chini, na hiyo ndiyo inayobanduka. Kurusha simiti kavu si kosa lenyewe. Kosa ni kuirusha kabla maji ya juu hayajaondoka. Upande wa Bungoma mjini na Bumula, ambako ni chini na joto ni zaidi, hatari ni kinyume chake: jua hukausha sakafu upesi mno nayo inapasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui.

Ya tatu, sakafu ya simiti ni baridi miguuni. Wazee wakisema ya udongo ilikuwa na joto kuliko hii, hawasemi uongo, kwa sababu simiti hunyonya joto la mguu haraka zaidi. Kwa hivyo chumba cha kulala kinahitaji mkeka au zulia jepesi, na mtoto asilazwe juu ya simiti tupu. Ile kapeti ya mpira inayouzwa kwa mita sokoni msiitandike mpaka mjue sakafu ni kavu, kwa maana hufungia maji chini na chumba kinaanza kunuka. Kujua ni rahisi. Bandika kipande cha nailoni sakafuni usiku kucha, pande zote zikiwa zimeshikwa vizuri. Asubuhi ukikuta matone chini yake, bado.

Kinachowekwa chini

Ondoeni udongo laini mpaka mfike kwenye ardhi ngumu. Kama ni ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, chimbeni zaidi, kwa sababu huvimba na kusinyaa na utainua sakafu yote. Kisha mawe, kama inchi 6, yapangwe na kushindiliwa, juu yake maramu iliyolowanishwa na kushindiliwa tena, halafu nailoni nzito ikunjwe na kupanda kidogo ukutani. Nailoni ndiyo fundi mvivu huruka, na ndiyo rahisi kuliko vyote kwenye orodha. Mkihesabu vizuri, uso wa sakafu uwe juu ya uwanja wa nje kwa inchi 6 au zaidi.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, zege la inchi 3 lenye kipimo cha simiti moja, mchanga tatu na kokoto sita litakula kama mifuko 4 ya kilo 50. Lipu ya juu ya inchi moja, moja kwa nne, itakula 2 na nusu hivi. Niru ya mwisho nusu mfuko hadi mmoja. Kwa hivyo mkiambiwa mifuko 3 inatosha chumba kizima, jueni kuna kitu kinarukwa. Na mkiambiwa 15, muulize inakwenda wapi.

Mchanga upimwe kabla lori halijamwagwa. Chukua chupa safi, weka mchanga mpaka nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, halafu iache saa tatu. Matope hukaa juu ya mchanga. Yakizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, rudisha lori, hata dereva akinuna.

Sasa rangi

Rangi ya sakafu inayouzwa kwenye hadiwea ni unga wa oksaidi. Nyekundu, nyeusi na ya manjano zinatokana na chuma na hazipauki kwa jua. Kijani na bluu kwa kawaida ni ghali zaidi, na sisi hatuoni kama inafaa kikundi kuzikopea pesa. Unga huchanganywa na simiti ikiwa kavu bado, yote ya chumba kimoja kwa mara moja, kwa karai moja la kupimia, la sivyo upande wa dirishani utakuwa nyekundu na wa mlangoni kama ndizi iliyoiva. Kilo moja ya unga kwa kilo 20 za simiti inatosha. Msivuke kilo moja kwa kumi, kwa sababu rangi si simiti, haishiki kitu, na ikizidi niru inakuwa dhaifu.

Kuna pambo moja ambalo tunalisifu bila wasiwasi, nalo ni kuchora mistari. Lipu ikiwa bado mbichi, fundi hukaza kamba na kukata miraba kama vigae. Mistari ikikatwa kwa kina, sakafu ikitaka kusinyaa itapasukia ndani ya mstari na hakuna atakayeona. Ni pambo lisilo na bei na lina kazi. Terazo, ile ya vipande vya mawe vinavyosuguliwa kwa mashine, ni imara sana na tunaiona mahospitalini, lakini ni ya mtu mwenye pesa au ya kanisa.

Varanda na ngazi msizipige niru laini kabisa, hata jirani akifanya hivyo. Tope jekundu la Agosti juu ya niru iliyong'aa limewavunja wazee nyonga. Huko nje malizieni kwa ubao, halafu pitisheni fagio la njiti lichore mistari midogo, na pawe na mteremko wa kama sentimita moja kwa kila mita ili maji yatoke.

Kumwagilia maji ni kazi ya wanachama, si ya fundi, kwa sababu fundi keshakwenda. Siku 7 kwa uchache, na 10 au zaidi wakati wa baridi, sakafu isikauke hata mara moja. Tumieni magunia safi ya katani. Majani ya mgomba yana utomvu unaoacha madoa, na hayo hayatoki. Mtu anayekanda avae gambuti na glavu. Simiti mbichi huchoma ngozi polepole bila kuuma, na mtu hujua jioni wakati kidonda kimeshaingia.

Wakati mzuri wa kazi hii kwetu ni Januari na Februari. Mahindi yameuzwa, nyumba inaweza kutolewa vitu nje, na ardhi imekauka. Nunueni simiti pamoja lakini si ya wanachama wote kwa mara moja, maana mfuko ukikaa kwenye unyevu miezi mitatu unaanza kushika mabonge. Mlipe fundi kwa hatua: sehemu baada ya mawe na nailoni kuonekana kwa macho ya mwekahazina, sehemu baada ya zege, na kiasi kibaki mpaka siku za maji ziishe.

Kama pesa hazitoshi nyumba nzima, anzeni na chumba wanacholala watoto, kijivu, bila rangi, na muweke nailoni. Sakafu ya kijivu ikisha kukomaa inaweza kupakwa nta nyekundu na ikapendeza. Rangi ya mafuta juu ya simiti yenye unyevu itabanduka, kwa hivyo msiinunue. Na hata hiyo nta ingojeni kama mwezi mmoja mpaka sakafu ikauke ndani, ipakwe kidogo, isuguliwe kwa kitambaa mpaka isibaki ya kuteleza, na isipakwe kabisa mahali maji ya mvua yanapofika.