Bakteria anayemnyima ukungu chuma!

Msomaji wangu, wiki hii tuache kidogo mambo ya mapenzi, twende shambani.

Shangazi yangu alikopa pesa akalima nyanya. Zilipoanza kuzaa tu, majani ya chini yakageuka njano, miche ikalala. Nikapasua shina moja kwa kisu, ndani kahawia tupu. Yeye akasema karogwa. Kumbe ni mnyauko wa fuzari, ukungu unaojificha udongoni miaka na miaka.

Sasa sikia hii. Mwaka 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, kule Berkeley, walieleza kwa nini kuna udongo ambao humo ugonjwa huo haufui dafu. Mizizini wanaishi bakteria wanaoitwa sudomonasi. Chuma kikiwa haba, wanatoa sideroforo, kitu cha rangi ya njano-kijani kinachonasa chuma kilicho jirani. Wenyewe wana mlango wa kukiingiza mwilini, ukungu hana. Anabaki na njaa, hana nguvu ya kuvamia mzizi. Uporaji mtupu, jamani!

Ushahidi upo. Walitia sideroforo kwenye udongo mbovu, mnyauko wa kitani ukapungua. Wakaongeza chuma kwenye udongo mzuri, ugonjwa ukarudi!

Ila msikurupuke. Udongo wenye tindikali una chuma cha kumwaga, ujanja huo unapwaya.

Nilimweleza shangazi yote haya. Akanitazama, akauliza: "Na hao bakteria wako, deni watanilipia?"

Msimu huu kapanda mahindi.