Asili ya Maneno ya Kireno na Namna ya Kuifundisha

Katika mji wa Bagamoyo na pwani yote iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, maneno meza, bendera, kasha, mvinyo na gereza husemwa na watu wasioyahesabu kuwa ya kigeni. Ni rahisi kwa mwalimu kuwapa wanafunzi orodha, neno la Kiswahili upande huu na la Kireno upande wa pili. Lakini mwanafunzi aliyekariri orodha hajajifunza kupima ushahidi, na kesho atadai asili ya neno kwa kuona mfanano tu.

Hapana budi aulizwe: kwa nini asili hiyo ni Kireno, wala si Kihispania, na hali lugha hizo ni ndugu? Meza haimjibu, kwani “mesa” ni neno la lugha zote mbili. Kasha laelekea kumjibu, maana Wareno hutamka sh katika “caixa”, na Wahispania wa leo hutamka kh katika “caja”. Lakini mwanzoni mwa karne ya 16 Wahispania nao walitamka sh. Kwa hiyo shahidi huyu hatoshi. Mvinyo ni shahidi bora: Kireno ni “vinho”, lenye sauti ya ny, na Kihispania ni “vino”, lenye n. Vivyo hivyo gereza hulingana na “igreja” ya Kireno kuliko “iglesia” ya Kihispania.

Historia huunga mkono sauti. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Wareno walianza kujenga ngome ya Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. “Igreja” maana yake ni kanisa, na ndani ya ngome hiyo mlikuwamo kanisa. Katika Kiswahili neno likawa na maana ya ngome, kisha ya jela; na ngome yenyewe ilitumiwa kuwa jela tangu 1895 hata 1958.

Bagamoyo yenyewe yatoa onyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni huko mwaka 1868 walikuwa Wafaransa, ambao kwa lugha yao husema “père”. Lakini Kiswahili huwaita mapadri, kwa neno la Kireno “padre”. Neno, basi, humshuhudia aliyelileta, wala si lazima yule anayeitwa kwalo.