Asali ya Handeni na chungwa la Korogwe

Atokaye Handeni kwenda mjini mikono mitupu ana maelezo ya kutoa. Asali ya wilaya hiyo ina jina, na ikishafika nyumbani huwekwa kwenye fungu la dawa. Ndiyo maana aliyeonywa na daktari kuhusu sukari huacha kuitia kwenye chai, akachota asali vijiko viwili, roho kwatu.

Mwili haudanganyiki hivyo. Katika gramu 100 za asali, 82 hivi ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na 17 ni maji. Kinachobaki, chembe za madini, vimeng'enya na harufu ya maua, hakijazi hata kijiko cha chai. Tena asali ni nzito: kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 64, cha sukari nyeupe kama 49.

Sukari guru nayo husifiwa kwa madini yake ya chuma. Yapo, kwa kuwa molasi haikuondolewa, ila ni machache. Anayeyategemea atakula sukari nyingi kabla hajayapata ya kutosha.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka asali kapu moja na sukari ya kuongezwa, likashauri zote kwa pamoja zisifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima ni kama vijiko 12 vya chai, na soda moja humaliza sehemu kubwa.

Anayetafuta vitamini C afungue dirisha la basi pale Korogwe anunue chungwa. Gramu 100 za chungwa zina miligramu 50 hivi. Kuzipata kwenye asali kungehitaji kilo kumi!

Vya kupaka mkate havilingani. Jamu aghalabu ni nusu sukari au zaidi. Siagi ya karanga isiyotiwa sukari ina protini karibu robo ya uzito wake, mradi karanga zisiwe na ukungu, maana sumukuvu haiishi kwa kukaangwa.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali kabisa, hata ya mzinga wa babu: huweza kuwa na vijidudu vya botulini, ambavyo utumbo wake bado hauvimudu. Akishavuka mwaka, kijiko kabla ya kulala humpunguzia kikohozi cha usiku.