Je, Wajua? Nondo Hukumbuka Jani Alilolitafuna Utotoni

Nondo jike anapotafuta mahali pa kutaga, jani alilokula alipokuwa kiwavi huweza kumwongoza. Mfano mzuri ni Spodoptera littoralis, msumbufu wa siku nyingi wa mashamba ya pamba ya Misri, anayepatikana pia katika sehemu kubwa ya Afrika. Viwavi wake hula mimea ya familia zaidi ya 40: pamba, mahindi, kunde, kabichi, nyanya.

Uamuzi wa mama ni mzito. Hutaga mayai kwa mamia mahali pamoja, huyafunika kwa manyoya ya tumbo lake, kisha huenda zake. Kiwavi anapoanguliwa ni mdogo mno kulivuka shamba akitafuta chakula bora. Ataanza na alichochaguliwa.

Nondo huyu huzaliwa tayari na upendeleo: mimea fulani huitanguliza, mingine huiweka nyuma. Lakini watafiti wa Alnarp, Sweden, walipolea viwavi kwa mimea mbalimbali, waliona upendeleo huo ukibadilika. Mmea aliolelewa nao hupanda daraja. Hata harufu ya mmea uliokuwapo wakati wa kujamiiana humwachia jike kumbukumbu. Hapo naona busara kubwa ya maumbile: kama yeye mwenyewe amekula mmea huo akafikia kuota mabawa, basi mmea huo unalisha, na upo jirani.

Wazo hili si geni. Andrew Delmar Hopkins, mtaalamu wa wadudu wa misitu wa Marekani, alilitoa miaka ya 1910, na likabishaniwa kwa miongo mingi. Wapinzani walikuwa na hoja. Ndani ya bundo, hatua ya kati ya kiwavi na nondo, mwili wa kiwavi huvunjwavunjwa na kujengwa upya, ubongo nao ukipangwa upya. Kumbukumbu ingepita wapi?

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walilijaribu swali hilo kwa Manduca sexta, nondo ambaye viwavi wake hula tumbaku. Waliwanusisha viwavi harufu ya kemikali na papo hapo kuwapiga shoti ndogo ya umeme, hadi wakaikimbia harufu ile. Waliofunzwa katika hatua ya mwisho ya ukiwavi waliendelea kuikwepa hata walipokuwa nondo. Waliofunzwa mapema zaidi walikuwa wameisahau. Je, labda harufu iligandia tu kwenye ganda la bundo? Hapana. Watafiti waliipaka kemikali hiyo kwenye mabundo ya viwavi wasiofunzwa, na nondo waliotoka hawakuikwepa. Kilichovuka ni funzo lenyewe.

Kwa mkulima, jambo hili lina uzito. Mmea wa mtego unaopandwa pembeni ili kuwavuta nondo wakatage huko unaweza kugeuka kitalu cha wadudu, iwapo viwavi watakulia humo salama na kurudi kutaga wakiwa na upendeleo mpya. Mtego mzuri ni ule unaovuta bila kulea. Ndiyo maana mabingobingo, au napier kama wasemavyo Kenya, yanafaa sana katika kilimo cha vuta-sukuma, yaani kuwafukuza wadudu kwenye mazao na kuwavuta pembeni, kilichoendelezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, Kenya: nondo wa viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi huyapenda na kutaga juu yake, lakini mmea hutoa utomvu unaonata, na viwavi wengi hufa kabla ya kukomaa.