Kijapani kinapita Tunduma kila siku, hadithi zake bado

Gari la IT, yaani linalopita tu nchini kwenda nje, likiwashwa asubuhi Tunduma, kabla dereva hajaingiza gia, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi na kusema jambo kwa Kijapani. Mara nyingi anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, kadi iliyobaki Japani na mwenye gari wa kwanza. Kioo cha mbele bado kina stika ya maandishi ya huko. Dereva amelitoa gari bandarini Dar es Salaam, ameendesha zaidi ya kilomita 900, na sasa anasubiri karatasi za forodha zikamilike avuke Nakonde, Zambia. Magari mengine yatafika hadi Kongo.

Kwa hiyo Kijapani si kigeni hapa mkoani Songwe. Kigeni ni hadithi zake, na hilo linaniuma, kwa sababu hadithi hizo zimeshazunguka dunia nzima.

Hazikuzunguka zenyewe. Yasunari Kawabata alipopata Nobel mwaka 1968, wengi waliomsoma nje ya Japani walikuwa wamesoma Kiingereza cha Edward Seidensticker, na Kawabata mwenyewe alikiri mchango wa mfasiri wake. Baadaye akaja Haruki Murakami na wafasiri wake, Jay Rubin na Philip Gabriel. Mwaka 2002 serikali ya Japani, kupitia wakala wake wa utamaduni, ilianzisha mradi wa kuchagua vitabu, kuwalipa wafasiri na kuvisaidia vichapishwe nje. Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kirusi vilikuwa miongoni mwa lugha zilizopewa kipaumbele. Kiswahili hakikuwamo.

Kitabu kimoja nakifikiria kila nikipita Vwawa, mkoani humu. Ni riwaya ya Sayaka Murata iliyoshinda Tuzo ya Akutagawa mwaka 2016, na ambayo Ginny Tapley Takemori aliifasiri kwa Kiingereza mwaka 2018. Mhusika wake, Keiko, ana miaka 36, na miaka 18 ameuza katika duka dogo lisilofungwa usiku wala mchana. Kazi anaipenda. Anajua mlio wa kila chupa ikitolewa kwenye friji, anajua mteja anayeingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu. Lakini ndugu na marafiki hawamwachi: ataolewa lini, atatafuta lini kazi ya maana? Mwanamke yeyote aliyefikisha umri huo Mbozi bila ndoa anayajua maswali hayo, na anazijua sura za mashangazi wanaoyauliza msibani na harusini. Msomaji wa Vwawa angeielewa Tokyo ya Murata bila kuelezwa na mtu. Sijaiona dukani kwa Kiswahili.

Mtu ataniambia Watanzania hawasomi. Sikubali. Mtu mwenye kiu ya hadithi za mbali huzitafuta popote. Derek Mukandala, yule Lufufu aliyetangulia wengi katika kutafsiri sinema kwa mdomo, aliisimulia Titanic kwa Kiswahili, akaongeza maelezo pale alipoona mtazamaji ataachwa nyuma, na watu walilipa kumsikia. Vibanda vya video nchi nzima vilijaa kwa kazi ya aina hiyo. Kiu ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumlipa mfasiri wa kitabu, kazi inayokula miezi mingi kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa.

Tuna mfano mzuri nyumbani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Ni habari za Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa deni la baba yake, kisha anafuatana na msafara wa bidhaa kwenda bara, msafara unaotozwa kitu na kila mtawala njiani. Kitabu hiki kinahusu biashara ya masafa marefu, madeni na vizuizi, mambo ambayo Tunduma inayaishi. Hata hivyo kilisubiri Gurnah apate Nobel mwaka 2021 ndipo, mwaka 2022, Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Wajapani nao wanacho, kwa tafsiri ya Ayako Aihara, kutoka Hakusuisha ya Tokyo. Yusuf amefika Japani. Keiko hajafika kwetu.

Na asije kwa kupitia Kiingereza. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili. Vijana wa Japani wamekuwa wakija kujitolea Tanzania tangu miaka ya 1960, na wapo Watanzania waliosomea huko. Ukiwaweka meza moja Mtanzania anayejua Kijapani na Mjapani aliyeishi huku, kazi inaanza.

Pa kuanzia napo papo. Mwalimu Nyerere alifasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikatoka mwaka 1969. Tangu 2023 taifa linatoa tuzo ya uandishi bunifu yenye jina lake, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Naiomba taasisi hiyo ifungue mlango wa tafsiri katika tuzo hiyo, na ubalozi wa Japani uombwe kuchangia malipo ya mfasiri mmoja na uchapaji wa kitabu kimoja cha bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi Momba anaimudu.